Mechi Ipi Hasa? Ubishi wa Soka wa Bukoba na Muleba, Kutoka Ndola Hadi Kaitaba

Ukitaka kujua umri wa mpenda soka wa Kagera, usimuulize alizaliwa lini. Muulize ni mechi ipi ambayo haijatokea tena mfano wake. Akikujibu "Ndola", huyo mwaka 1979 alikuwa tayari na akili zake. Akisema "Kampala", ni mtu wa redio za miaka ya 1990. Akisema "Kaitaba", bado hujamjua. Mbane akueleze ni Kaitaba ipi, ile ya matope au hii ya nyasi bandia.

Ubishi huu utaukuta kwenye vijiwe vya bodaboda Bukoba mjini, bandarini Kemondo watu wakisubiri meli, kwenye magulio ya Kamachumu na Nshamba wilayani Muleba, hata visiwani Bumbire na Goziba, dagaa wakiwa juani. Kahawa ya kutafuna hupita mkono kwa mkono na kila mtu hujichukulia punje zake. Sheria ni mbili. Kwanza, anayesikilizwa ni yule aliyeona au kusikia mwenyewe, si aliyesimuliwa. Pili, ushabiki wa Simba na Yanga haufichwi, maana utajitokeza tu. Kagera ilishagawanyika kati ya Msimbazi ya Simba na Jangwani ya Yanga zamani sana, kabla haijapata timu ya nyumbani ya kuwatia watu hao majaribuni. Ndiyo maana ubishi wa hapa haufanani na wa Dar es Salaam. Huko watu hubishana nani alimfunga nani. Hapa hubishana pia nani alishangilia upande gani.

Redio na vita

Wazee huanzia 1979, na wana sababu. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka wa Mutukula, yakaiteka ardhi yote iliyo kaskazini ya Mto Kagera, na daraja la Kyaka likalipuliwa. Watu walikimbia na mabunda kichwani, mifugo ikaswagwa kupelekwa Uganda, na kiwanda cha sukari kikaporwa. Tanzania ikajibu, na Aprili 11, 1979, Kampala ikaanguka. Mkoa uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi ukapewa jina la mto uliopiganiwa.

Katika mwaka huohuo wa vita, soka lilitoa maajabu mawili, na yote mawili yalitokea Zambia. La kwanza lilikuwa la Simba. Katika Klabu Bingwa Afrika walipigwa 4-0 na Mufulira Wanderers hapa hapa nyumbani, watu wakawazika. Wakaenda Lusaka kwenye marudiano wakashinda 5-0, Thuwein Ally akifunga mabao matatu. Hadi leo shabiki wa Yanga aliyezaliwa miaka ya 1960 akitajiwa Lusaka hubadilisha mada.

La pili lilikuwa la nchi nzima. Taifa Stars walikuwa wameifunga Zambia 1-0 Dar es Salaam katika mechi za kufuzu Kombe la Mataifa ya Afrika. Marudiano yakachezwa Ndola mwezi Agosti. Zambia ilikuwa timu ya kuogopwa. Miaka mitano kabla ilifika fainali ya Afrika. Peter Tino akafunga, mechi ikaisha 1-1, na Tanzania ikafuzu kwa mara ya kwanza.

Bukoba na Muleba waliipata Ndola kwa masikio. Redio Tanzania ndiyo ilikuwa uwanja wao. Baada ya vita bidhaa zilikuwa haba na betri zikawa mali, hivyo zilizoishiwa nguvu zilianikwa juani mchana ili jioni zisukume dakika tisini. Kulikuwa na nyumba moja yenye redio na ua mzima wa watu. Sauti ilipofifia, mmoja aliinua chombo kukielekeza kwingine huku wengine wakimfokea asitikisike. Mtu aliyeisikia mechi namna hiyo haipotezi, kwa sababu alishiriki kuileta.

Vijana huwajibu wazee kwamba Ndola ilikuwa sare tu, na huko Lagos Machi 1980 Stars hawakushinda hata mechi moja: 3-1 mbele ya Nigeria, 2-1 mbele ya Misri, na sare ya 1-1 na Ivory Coast. Ni kweli. Lakini waliokimbia Kyaka hawaipimi mechi kwa matokeo peke yake. Kwao Ndola ilikuwa ishara ya kwanza kwamba nchi inaweza kuzungumzia jambo jingine zaidi ya vita.

Na kama kigezo ni mechi isiyosahaulika, basi mwaka 1980 ulitoa nyingine ambayo vijiwe haviitaji kabisa, tena ya mpira wa magongo. Michezo ya Olimpiki ya Moscow ilisusiwa na mataifa mengi, nafasi zikabaki wazi, na Tanzania ikaingia katika mashindano ya magongo ya wanaume yenye timu sita. India iliifunga 18-0. Tanzania ilipoteza mechi zote tano, ikaruhusu mabao 54 na kufunga 3, na India ikaondoka na dhahabu. Kumbukumbu za magongo duniani zimeyahifadhi matokeo hayo. Kijiweni Bukoba hayapo, kwa kuwa hakukuwa na ua wa watu uliokaa kuyasikiliza. Mechi isiyo na mashahidi wake haiwezi kubishaniwa.

Kampala ni jirani kuliko Dar

Ramani ndiyo inayoeleza kizazi kinachofuata. Kutoka Bukoba hadi Dar es Salaam kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,300, wakati Kampala ni safari ya siku moja kupitia Mutukula. Kwa hiyo Yanga walipokwenda Kampala mwaka 1993 na kuifunga SC Villa 2-1 katika fainali ya Klabu Bingwa ya Afrika Mashariki na Kati, Kagera ilihesabu kama mechi iliyochezwa uani kwake. Villa ilikuwa timu iliyojulikana vizuri huku, na kuifunga nyumbani kwake lilikuwa jambo la kuwaringia mashemeji wa ng'ambo ya mpaka. Mwaka 1999 Yanga wakarudia: Kampala tena, fainali tena, Villa tena, safari hii kwa penalti.

Shabiki wa Simba naye hakosi 1993 yake, ila yake ina donda. Novemba mwaka huo Simba walicheza fainali ya Kombe la CAF na Stella ya Abidjan. Ugenini walitoka 0-0. Nchi nzima ikajiandaa kupokea kombe, Rais Ali Hassan Mwinyi akiwa uwanjani, na Stella wakashinda 2-0. Kijiweni mechi hiyo hutumiwa na pande zote mbili: Yanga huitaja kuchokoza, Simba huitaja kuonyesha kwamba wao angalau walifika.

Mkoa wenyewe ulikuwa na RTC Kagera, timu ya kampuni ya biashara ya mkoa. Kampuni hizo ndizo zilizokuwa zikisambaza sukari, sabuni na khanga enzi za foleni, na nyingi zilikuwa na timu. Biashara ilipofunguliwa zikafifia, na timu zake zikafifia nazo. Njia ya kuzifikia timu za Mwanza, au timu hizo kuja Bukoba, ilikuwa ziwa. Mei 21, 1996, MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikiwa imetoka Bukoba na Kemondo, na mamia ya watu wakafa. Ukiwauliza watu wa rika hilo kuhusu mechi za miaka hiyo, wengi watakutajia jina la mtu waliyekwenda naye uwanjani kabla hawajakutajia mfungaji.

Kaitaba ya matope

Katikati ya miaka ya 2000 kiwanda cha sukari cha Missenyi, kilekile kilichoporwa wakati wa vita, kilikuwa na timu katika Ligi Kuu. Kagera Sugar, kwa jina la utani Wanankurukumbi, walichezea uwanja wa Kaitaba, mjini Bukoba, hatua chache kutoka ziwani. Bukoba ni miongoni mwa miji inayopata mvua nyingi zaidi Tanzania. Wageni waliozoea kupigiana pasi Dar es Salaam walikuta mpira unakwama kwenye tope, na wenyeji wanajua ni wapi hasa unakwama.

Hapo ndipo mtihani ulipoanza. Simba au Yanga walipokuja, magari ya abiria kutoka Muleba, Kamachumu na Karagwe yalianza kuingia asubuhi, na uwanja ulitapika kabla ya saa nane. Lakini tazama jukwaani: nyekundu kama ni Simba, kijani na njano kama ni Yanga. Timu ya nyumbani ilikimbia uwanjani kwake ikizomewa na majirani zake. Wachezaji waliokutana na watu hao sokoni kila siku waliwasikia wakimshangilia mgeni. Kisha Kagera wanafunga, na kitu kinatokea kwenye majukwaa hayo. Kuna wanaoinamisha vichwa. Kuna wanaoruka kabla hawajakumbuka wamevaa jezi gani. Na kuna anayebaki amesimama, mikono imeinuka nusu, hajui aishushe au aimalizie.

Oktoba 2012 Yanga waliondoka Kaitaba wakiwa wamefungwa 1-0. Kocha wa Kagera Sugar msimu huo alikuwa Abdallah Kibadeni, na kwa mashabiki wa Yanga hilo lilikuwa chumvi kwenye kidonda. Kibadeni ndiye aliyefunga mabao matatu Julai 1977 Simba walipowachapa Yanga 6-0. Miaka 35 imepita, mtu yuleyule yuko kwenye benchi la timu ya kiwanda cha sukari, na Yanga wanapoteza tena mbele yake. Yanga walichukua ubingwa msimu huo, na msimu uliofuata Kibadeni akarudi Msimbazi kufundisha. Wanaoiteua mechi hii husema ilikuwa na kila kitu: mvua, mkubwa kufungwa, na mzee aliyewatesa baba zao akiwatesa na watoto.

Nyasi bandia na kadi za njano

Uwanja ulipofungwa ili uwekewe nyasi bandia kwa msaada wa FIFA, kazi ilichukua muda mrefu kuliko watu walivyotegemea. Timu ikahamahama, ikipokea wageni Mwanza, Shinyanga na Tabora, mbali kabisa na watu wake. Mwaka 2016 ilirudi. Mwaka huohuo, Septemba 10, tetemeko la ardhi la ukubwa wa 5.9 liliipiga Bukoba, likaua watu na kubomoa nyumba kwa maelfu. Kaitaba ndiko mji ulikokusanyika kuwaaga waliokufa. Wiki sita baadaye, kwenye nyasi zilezile, Yanga walishinda 6-2. Mashabiki wa Yanga wa Muleba huipigia kampeni mechi hiyo kama bora kuliko zote. Wenyeji wengi hukataa kuizungumzia, na hawasemi ni kwa sababu ya mabao au ya mwaka wenyewe.

Aprili 2, 2017, ilikuja mechi iliyotoka uwanjani ikaingia vyumba vya mikutano. Kagera Sugar, chini ya Mecky Maxime, waliwafunga Simba 2-1. Simba wakakata rufaa wakidai kwamba beki Mohamed Fakhi, aliyewahi kuwa mchezaji wao, alikuwa na kadi tatu za njano na hakustahili kucheza. Kamati ya ligi iitwayo ya Saa 72 ikawapa Simba pointi tatu. Kamati nyingine ya shirikisho la soka, TFF, ikazirudisha Kagera. Kwa majuma kadhaa Tanzania nzima ilikuwa ikihesabu kadi za beki mmoja wa Bukoba. Ligi ilipoisha, Yanga na Simba walikuwa sawa kwa pointi, 68 kila mmoja, na Yanga wakawa mabingwa kwa tofauti ya mabao. Pointi za Kaitaba zingebaki Msimbazi, kombe nalo lingekwenda huko. Kwa hoja hii mtu wa Bukoba anaweza kusema, bila kutia chumvi, kwamba ubingwa wa nchi uliamuliwa mtaani kwake.

Siku ya Rais

Anayefuata hoja hiyo atafika Mei 19, 2018, siku inayoongoza kwa kura katika vijiwe vingi. Simba walikuwa wameshatwaa ubingwa, wa kwanza tangu msimu wa 2011/12, na hawakuwa wamepoteza mechi hata moja ya ligi. Rais John Magufuli alikuja Uwanja wa Taifa kuwakabidhi kombe. Kagera Sugar walialikwa na ratiba kuwa wageni wa sherehe ya mwenzao.

Golini mwa Kagera alisimama Juma Kaseja. Huyu ndiye kipa aliyekuwa langoni mwa Simba mwaka 2003 walipowatoa Zamalek, mabingwa watetezi wa Afrika, kwa penalti huko Cairo. Kwa wana Msimbazi jina lake lilikuwa karibu na utakatifu. Mechi ilikwenda bila bao hadi dakika za mwisho, Edward Christopher, naye aliyepitia Simba, akaifungia Kagera. Uwanja ukanywea. Kisha Simba wakapata penalti, na aliyekwenda kuipiga alikuwa Emmanuel Okwi, mfungaji bora wa ligi msimu ule. Kaseja akaiokoa. Matokeo yakabaki 1-0, na Rais akakabidhi kombe kwa timu iliyotoka kufungwa.

Siku hiyo mabanda ya kuonyesha mpira Bukoba na Muleba yalijaa mashabiki wa Simba waliokuja kusherehekea. Walitoka wakiwa mabingwa waliofungwa na kiwanda chao wenyewe. Wapo waliotoka wanacheka, na huo ndio ushahidi mzuri zaidi kwamba kitu kilikuwa kimebadilika mkoani. Miaka kumi nyuma wangeweza kununa wiki nzima.

Mechi isiyotajwa

Halafu ukaja 2019, mwaka ambao unastahili kusomwa polepole. Machi 24, Taifa Stars waliifunga Uganda 3-0 Dar es Salaam, wakarudi Kombe la Mataifa ya Afrika baada ya miaka 39. Kwa mkoa uliotekwa na Amin, kwamba tiketi ilipatikana mbele ya Uganda, miaka arobaini baada ya vita, lilikuwa jambo la kutabasamu kimyakimya na kuwapigia simu ndugu wa Masaka. Aprili 13, Simba walitolewa robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika kwa 4-1 na TP Mazembe, Lubumbashi. Wiki moja baadaye walikuwa Kaitaba, wakafungwa 2-1. Mei 10, Dar es Salaam, Kagera Sugar wakawafunga tena, 1-0. Simba walimaliza wakiwa mabingwa kwa pointi 93, lakini kwa Wanankurukumbi walikuwa wameambulia sifuri.

Pamoja na ushujaa wote huo, Kagera Sugar walimaliza ligi wakiwa kwenye nafasi za mchujo. Waliweza kumfunga bingwa nyumbani na ugenini, wasiweze kuwafunga vya kutosha wa saizi yao. Juni wakalazimika kucheza na Pamba ya Mwanza, mshindi abaki Ligi Kuu. Marudiano yalikuwa Kaitaba, na Kagera wakabaki.

Mechi hiyo haina mwanasheria kijiweni. Hapakuwa na Rais, hapakuwa na jezi nyekundu wala za kijani, hapakuwa na cha kuwachokozea watani. Lakini toa mechi hiyo uone kinachoporomoka. Hakuna Januari 15, 2020, Luc Eymael alipoanza kazi ya ukocha Yanga kwa kufungwa 3-0 na Kagera Sugar Dar es Salaam. Hakuna kisa cha Desemba 2021, mechi na Simba ilipoahirishwa kwa sababu wachezaji wa Simba waliugua mafua, watu wakiwa wameshasafiri kutoka Muleba na Biharamulo. Hakuna marudio yake, Januari 26, 2022, ambapo Mganda Hamis Kiiza, aliyewahi kuchezea Yanga na Simba zote mbili, alifunga bao pekee na kuwapa vijana wa nyasi bandia mechi yao ya kuapia.

Kuna jambo jingine. Katika mechi ya Pamba hakukuwa na mtu Kaitaba aliyekuja kumshangilia mgeni wa Dar. Waliokuja walikuja kwa ajili ya Kagera peke yake. Mechi zote tulizozitaja zilipata umaarufu wake kwa jina la mpinzani: Zambia, Villa, Simba, Yanga. Hii ilipata uzito wake kwa kile ambacho mwenyeji angepoteza. Uzito huo ulionekana wazi msimu wa 2024/25, Kagera Sugar waliposhuka daraja na Bukoba ikakosa zile Jumamosi za magari ya Muleba na uwanja kutapika kabla ya saa nane. Kilichopotea 2025 ndicho kilichookolewa Juni 2019, na mji ulikifurahia kwa misimu sita mingine bila kukumbuka ulikipata wapi.

Wazee wabaki na Ndola yao, kwa kuwa waliitolea betri. Wana Yanga wabaki na Kampala, wana Simba na Lusaka. Mei 19 iendelee kuongoza kura. Lakini kama swali ni mechi ipi iliyowahusu zaidi watu wa Bukoba na Muleba wenyewe, kura ya mwandishi huyu inakwenda kwa Kagera Sugar na Pamba, Kaitaba, Juni 2019. Anayebisha aje na mechi yake, na aseme kwanza siku hiyo alikuwa amekaa jukwaa gani.